Huyo Si Mvivu: Historia ya Ugonjwa Usiopiga Kelele

Kuna neno moja Wakenya tunalitoa haraka kuliko makanga anavyosahau chenji yako. Neno lenyewe ni "mvivu". Kijana ana miaka 22. Ameacha kuoga. Analala mpaka saa nane mchana, hashiki simu, na mkimwongelesha anajibu "eeh" ama "sawa", halafu kimya. Akiwa na bahati watu watasema ana mawazo mengi. Asipokuwa nayo watasema ni bangi, amerogwa, ama ni mvivu tu anayetaka kulishwa na mamake mpaka afike miaka 40.

Sasa wasee, hilo swali la "huyu ni mgonjwa ama ni mvivu?" halikuanzia kwa ploti yenu. Madaktari wamelivuta huku na huku kwa zaidi ya miaka 100. Limepitia Ujerumani, Uswisi, Ureno, Ufaransa na Marekani. Na kuna kipande kibaya sana cha hiyo stori kilichoandikwa na daktari aliyefanya kazi hapa hapa Nairobi, hospitali iliyo kando ya barabara ya Thika, akiwazungumzia babu zetu. Leo tuipitie yote pole pole. Nadhani ukishaijua, hilo neno litakuwa zito kidogo mdomoni.

Kelele na kimya

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Skizofrenia inampata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 24 hivi. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana ama kwenye miaka ya 20, na kwa wanaume huja mapema kidogo kuliko kwa wanawake. Kwa hivyo hii si stori ya wazee. Ni ya rika letu.

Ukisikia skizofrenia unamfikiria mtu anayesikia sauti, anayejibizana na hewa pale steji, anayeamini jirani amemwekea kifaa cha kumpeleleza ndani ya jino. Hizo madaktari huziita dalili chanya. Chanya hapa haimaanishi nzuri. Ni hesabu tu: kuna kitu kimeongezwa ambacho kwa kawaida hakipo. Upande wa pili kuna dalili hasi, yaani kitu kilichokuwepo kimetolewa. Zinazotajwa sana ni tano. Uso unapoa, hauonyeshi furaha wala hasira. Maneno yanapungua. Hamu ya kuwa na watu inaisha. Raha ya vitu alivyokuwa akivipenda inafifia. Na ya tano, ambayo ndiyo inayoleta vita nyumbani, ni msukumo wa kuanza jambo kukatika. Mtu anajua sahani ni chafu, anajua sabuni iko wapi, mikono anayo, lakini ile nguvu ya kumwinua kutoka kwa kiti haiji.

Angalia sasa vile jamii inavyopiga hesabu yake. Mwenye dalili chanya anapiga kelele, kwa hivyo atapelekwa hospitali, ama kwa pasta, ama kwa mganga. Angalau kuna mtu amekubali kuna shida. Mwenye dalili hasi hasumbui mtu. Anakaa tu. Na mtu akikaa tu, sisi jina lake tuko nalo tayari.

Walioona nyuzi zimeachana

Wazo la chanya na hasi lina mizizi London, karne ya 19, kwa daktari wa ubongo aliyeitwa John Hughlings Jackson. Jackson alikuwa akifuatilia sana wagonjwa wa kifafa, na aliuona ubongo kama kitu chenye ngazi, za juu zikiziongoza za chini. Alitoa mfano ambao Mkenya yeyote ataushika. Serikali ya nchi ikiangamizwa ghafla, unapata hasara mbili kwa mpigo: huduma za wakubwa zinakwama, na raia wasio na wa kuwatuliza wanaanza fujo. Huduma zilizokwama ni dalili hasi. Fujo ni dalili chanya. Sisi huwa tunaiona fujo peke yake.

Mwaka wa 1893 Mjerumani Emil Kraepelin alianza kutumia jina la Kilatini, dementia praecox, kumaanisha akili inayodhoofika mapema, kwa vijana ambao wengine walikuwa wakiitwa wendawazimu wa kila aina. Kraepelin alikuwa mtu wa kuandika rekodi. Alifuata wagonjwa kwa miaka, na kilichomshtua zaidi hakikuwa sauti wanazosikia. Ni vile hisia na nia zilivyokuwa zinakauka, na vile akili ilivyopoteza umoja wake wa ndani. Aliifananisha na okestra isiyo na kiongozi: wapigaji wapo, vyombo vipo, wimbo haupo.

Halafu akaja Eugen Bleuler, Mswisi. Huyu mzee alikuwa tofauti. Kabla ya kuongoza hospitali ya Burghölzli mjini Zürich, alikaa zaidi ya miaka 10 katika hospitali ya Rheinau akiishi karibu kabisa na wagonjwa wake. Mwaka wa 1908, kwenye mkutano wa madaktari Berlin, alilikataa jina la Kraepelin. Wagonjwa wengine walikuwa wanapata nafuu, alisema, na ugonjwa haukuja mapema kila mara. Akaleta jina jipya kutoka Kigiriki: skizofrenia, yaani akili iliyopasuka. Mwaka wa 1911 akaliandikia kitabu kizima.

Hapa filamu zimetudanganya sana. Bleuler hakumaanisha mtu mwenye nafsi mbili, mchana mwema usiku shetani. Alimaanisha kwamba kazi za akili zimeachana: wazo halishikani na wazo linalofuata, hisia haishikani na wazo, nia haishikani na hisia. Na kwake sauti na imani za ajabu zilikuwa vitu vya pembeni. Kiini kilikuwa huo mpasuko wenyewe, pamoja na kupoa kwa hisia na mtu kujifungia ndani yake. Yaani mtu aliyeupa ugonjwa jina lake alisema kimya kiko karibu na kiini kuliko kelele. Sisi tumelichukua jina lake tukageuza maana.

Wakati huo huo alikuwepo Mjerumani mwingine, Carl Wernicke, ambaye alienda mbali zaidi. Alisema mpasuko huo uko ndani ya nyama yenyewe ya ubongo, kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Fikiria stima. Transfoma iko sawa, taa za nyumba ziko sawa, lakini waya wa katikati umelegea. Ukibadilisha balbu mara 10 bado utakaa gizani. Wernicke hakuwa na mashine ya kuonyesha huo waya kwa mtu aliye hai, na mwaka wa 1905 alifariki baada ya ajali ya baiskeli. Wazo lake likabaki likisubiri teknolojia.

Waliokata, na aliyetuangalia sisi

Wazo linalosubiri linaweza kushikwa na mtu mwenye kisu. Novemba 1935, Lisbon, daktari Egas Moniz alisimamia upasuaji wa kwanza wa kuharibu kwa makusudi nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, pale nyuma ya paji la uso. Hesabu yake ilikuwa kwamba mawazo ya mgonjwa yamekwama kwenye miunganisho mibaya, kwa hivyo vunja miunganisho. Marekani, Walter Freeman aliichukua hiyo kazi akaifanya biashara ya kila siku. Kufikia 1946 alikuwa anapitisha chuma juu ya jicho. Mwaka wa 1941 yeye na mwenzake James Watts walimfanyia Rosemary Kennedy, dadake John F. Kennedy aliyekuja kuwa rais. Alikuwa na miaka 23, na hakuweza kujitegemea tena maisha yake yote. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1949.

Wengi waliopasuliwa walitulia kweli. Lakini kilichobaki kilikuwa nini? Uso usiosema kitu. Kutokuanza jambo. Kukaa pale ulipowekwa. Madaktari walikuwa wanatengeneza dalili hasi kwa mikono yao wenyewe, halafu wanaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameendelea vizuri, kwa sababu hakuna kelele. Soma hiyo sentensi tena. Wodi ikinyamaza, hospitali ilihesabu ushindi.

Sasa turudi nyumbani. Hospitali ya Mathari ilianza 1910 mahali palipokuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui. Mwanzoni iliitwa kwa jina la Kiingereza lililomaanisha nyumba ya vichaa, na mwaka wa 1924 ikapewa jina la Mathari. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilimpa uongozi wa hospitali hiyo J. C. Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ambaye wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hapo mpaka 1950. Tayari miaka ya 1930 daktari mwingine wa Nairobi, F. W. Vint, alikuwa ameshapima bongo za Waafrika waliofariki na kudai gamba lake ni pungufu kuliko la Mzungu. Carothers akalijenga lake juu ya msingi kama huo.

Mwaka wa 1951 alichapisha makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika. Hoja yake, kwa ufupi: Mwafrika hana mipango ya mbele, hana msukumo wa kuanzisha jambo, haoni mbali, na kwa hayo anafanana na Mzungu aliyefanyiwa ile operesheni ya Moniz. Kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wetu imekaa bure. Miaka 2 baadaye Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ikamtumia kuelezea Mau Mau kama tatizo la saikolojia, wakati watu walikuwa wanadai mashamba yao.

Umeona mchezo? Mtu analipishwa kodi ya kibanda, anatembea na kipande shingoni, anaamrishwa kulima shamba lililokuwa la babake kwa mshahara wa kununua chumvi. Akilima pole pole, daktari anachungulia ndani ya fuvu lake kutafuta sababu. Sababu iko shambani, imevaa kofia. Lakini yeye anaitafuta kwenye ubongo.

Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Blida nchini Algeria mpaka alipojiuzulu 1956, alimtaja Carothers waziwazi katika kitabu chake cha 1961 na kuuonyesha huo ujinga ulivyo. Kule Nigeria, Thomas Adeoye Lambo hakujibu kwa kitabu peke yake. Kuanzia 1954, pale Aro karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa kwenye vijiji vya kawaida, kila mmoja na ndugu wa kumsindikiza. Mchana matibabu, jioni maisha ya watu. Aliamini mgonjwa asikatwe na watu wake.

Naitilia mkazo hii sehemu kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi ndio watu wa mwisho duniani wanaofaa kumwita mwenzao mvivu kwa kumwangalia tu kwa macho. Tuliitwa hivyo, tena kwa lugha ya sayansi. Ya pili, inatufunza kuwa makini hata na sayansi ya ubongo yenyewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo, na kuna watu wa familia wanaosema mpaka leo niliacha kwa uvivu. Mtu akiniwekea kichwa kwenye mashine kutafuta kwa nini sikumaliza digrii, ataukosa ukweli wote. Lakini msije mkakimbilia upande wa pili na kusema basi kila kitu ni jamii. Kuna watu ambao kitu fulani ndani kimeachana kweli. Kazi ngumu ni kujua ni yupi, na huwezi kujua kama hujauliza.

Dawa iliyonyamazisha sauti

Mwaka wa 1952, hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa mpya, klorpromazini. Matokeo yaliitikisa dunia. Watu waliokuwa wakipiga kelele miaka mingi walianza kuongea kwa mpangilio. Lobotomia ikaanza kufa. Baadaye ikaeleweka kwamba dawa za aina hii zinazuia dopamini, kemikali moja ya ubongo, na mpaka leo klorpromazini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sauti zilipungua. Msiniskie vibaya: kwa watu wengi dawa hizi ndizo tofauti kati ya maisha na balaa.

Lakini kimya hakikuguswa sana. Mgonjwa alirudi nyumbani bila sauti, akakaa kwenye kiti. Familia ikasema, "Si amepona? Mbona hafanyi kazi?" Hapo ndipo lile neno letu linapoingia, kwa sababu sasa hana kisingizio. Kumbe dawa ilikuwa imetibu nusu.

Miaka ya 1960, Waingereza John Wing na George Brown walifuatilia wagonjwa wa skizofrenia kwenye hospitali 3 za Uingereza. Walichokuta: mahali wagonjwa walipoachwa wakae muda mrefu bila la kufanya, bila vitu vyao, bila wageni, ukimya ulikuwa mzito zaidi. Hospitali ilipoongeza shughuli, wengi wakachangamka kiasi. Kwa hivyo ukimya una sehemu ya ugonjwa, na una sehemu tunayoiongeza sisi kwa kumtupa mtu kwenye kona. Madaktari wa leo pia huangalia kama ni dawa inayomlegeza, ama ni huzuni nzito imeingia juu yake. Si kila kimya kina chanzo kimoja.

Mwaka wa 1976 Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao pale Northwick Park, London, waliwapiga wagonjwa 17 wa muda mrefu skani ya CT wakakuta nafasi za maji ndani ya ubongo wao ni kubwa kuliko kawaida. Mwaka wa 1980 Crow akapendekeza kwamba dalili chanya zinahusiana na dopamini, na hasi na mabadiliko ya ubongo wenyewe. Mabadiliko hayo hayakuwa rahisi kama alivyoyachora, lakini angalau mtu alikuwa amekubali kwamba ukimya ni sehemu ya ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Nancy Andreasen, kule Iowa, alitengeneza kipimo maalum cha dalili hasi. Kwa mara ya kwanza madaktari wa nchi tofauti wangeweza kuupima ukimya kwa namba, kama presha.

Ubongo uliolala ukipiga stori

Wernicke angefurahi kuishi miaka ya 1990. Mwaka wa 1990 Seiji Ogawa alionyesha jinsi MRI inavyoweza kufuata damu yenye oksijeni ndani ya ubongo, na hivyo kuona ni wapi kazi inafanyika. Halafu mwaka wa 1995 mwanafunzi Bharat Biswal, Wisconsin, aliona kitu cha ajabu. Watu walikuwa wamelala tu ndani ya mashine bila kazi yoyote, lakini sehemu ya ubongo inayosogeza mkono wa kushoto na ile ya mkono wa kulia zilikuwa zinapanda na kushuka pamoja. Hata ukiwa hufanyi kitu, sehemu za ubongo zinapiga stori. Sasa ungeweza kuuliza ni zipi zinaongea na zipi zimenuniana.

Mwaka huo huo, London, Karl Friston na Chris Frith wakauliza kwa maandishi kama skizofrenia ni ugonjwa wa kuachana kwa miunganisho. Zaidi ya miaka 80 baada ya Bleuler, wazo la mpasuko lilikuwa limerudi, safari hii likiwa na vipimo. Andreasen naye akapendekeza kwamba tusiangalie gamba la mbele peke yake, bali mzunguko mzima unaopita mpaka kwenye serebelamu, yaani ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Kwa muda mrefu serebelamu ilichukuliwa kama fundi wa mwendo tu: kutembea bila kuyumba, kushika kikombe. Andreasen alisema inapanga mwendo wa mawazo pia.

Mwaka wa 2019, Roscoe Brady na wenzake kule Boston walichapisha utafiti ulioliendeleza wazo hilo. Waliwapima watu 44 wenye skizofrenia bila kuamua mapema waangalie wapi, wakaiacha data iseme. Jibu lilikuja wazi: kadiri mawasiliano kati ya serebelamu na sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia yalivyokuwa dhaifu, ndivyo dalili hasi zilivyokuwa nzito. Halafu wakachukua kundi dogo la watu 11 na kuichochea serebelamu kwa sumaku kutoka nje ya kichwa, bila kisu, kwa siku kadhaa. Ambao muunganisho wao ulirudi, dalili zao hasi zilipungua.

Pole pole sasa. Watu 11 ni abiria wa matatu moja, tena haijajaa. Majaribio yaliyofuata ya kuchochea serebelamu hayajakubaliana yote. Na hakuna mashine, iwe Boston ama Nairobi, inayoweza leo kukupiga picha wewe binafsi ikasema "huyu ana skizofrenia" ama "huyu ni mvivu". Matokeo haya ni ya makundi. Mtu akikuuzia skani ya kujua kama una wazimu, funga mfuko. Lakini ona umbali tuliotoka: Moniz alikata nyuzi za mbele ili kuleta kimya. Hawa wanajaribu kuziunganisha ili kimya kiishe.

Utafiti ninaoupenda zaidi, hata hivyo, haukuhitaji MRI. Mwaka wa 1996 Ann Kring na John Neale waliwaonyesha watu wenye skizofrenia vipande vya filamu, vya kufurahisha na vya kuogofya, wakawarekodi nyuso. Nyuso zao zilisogea kidogo kuliko za wengine. Lakini walipoulizwa wanahisi nini, walisema wanahisi kama watu wengine tu. Na vipimo vya ngozi, ile jasho ndogo inayotoka ukiguswa na jambo, vilionyesha mwili ulikuwa macho kabisa. Waya wa kwenda usoni ndio uliolegea. Ndani taa zilikuwa zinawaka. Tafiti zake za baadaye ziliongeza kwamba wengi wao wanaweza kuifurahia raha ikiwa mbele yao. Kinachowashinda zaidi ni kuionja kabla haijafika. Na kama huwezi kuionja kesho, utaamkia nini?

Kuna jamaa wa ploti yetu ana huu ugonjwa. Tukitazama mpira uso wake haubadiliki hata timu yake ikifunga. Watu wapya hufikiri hafuatilii. Siku 2 baadaye mkiwa mnabishana atakwambia kwa sauti ya chini nani alipiga ile pasi, dakika ya ngapi, na kwa mguu upi. Alikuwa pale muda wote.

Basi tufanye nini

Kenya ilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka wa 2022, na hiyo ni hatua. Lakini sheria haiingii kwa bedsita ya mtu saa nane mchana. Anayeingia ni wewe.

Kwanza, rafiki wa miaka 19 ama 24 akianza kupoa kwa miezi, anajitenga, masomo yanaanguka, uso umebadilika, usingoje mpaka asikie sauti. Mara nyingi kimya hutangulia kelele. Mwambie mtu mzima anayemwamini, na mwende hospitali naye, si kumtuma. Kumbuka tatizo lake ni kuanza. Ukimwambia "si uende kliniki", umemwachia ile kazi moja ambayo ubongo wake unaigomea.

Pili, kata kazi iwe vipande vidogo. "Safisha nyumba" ni mlima. "Njoo tuoshe hivi vikombe 2" ni kitu mnachoweza kukianza pamoja, na akishaanza mara nyingi ataendelea. Usingoje akutumie meseji kwanza. Mpitie. Kaa naye hata bila kuongea. Usimpime mapenzi yake kwa uso wake.

Tatu, asiachishwe dawa kwa sababu "amepona, anakaa tu". Kama inamlegeza sana, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Wewe na pasta si wa kukata dozi.

Na wazazi wetu, kama kuna anayesoma hii: mama, baba, najua mmechoka. Najua mmelipa karo, mmeomba, mmeuza ng'ombe. Hasira yenu ina sababu. Lakini huyo kijana akijibu "eeh" peke yake, huenda hiyo "eeh" imemgharimu kuliko wewe ilivyokugharimu kuamka saa kumi kwenda soko. Kesho ukimpelekea chai, mwambie kitu kimoja kidogo cha kufanya na wewe. Halafu kaa hapo mkifanye.